Kabla Hujanunua Dinari ya Kirumi

Siku hizi si lazima uishi London au Zürich ndipo umiliki sarafu ya fedha iliyofuliwa Roma miaka 1,900 iliyopita. Minada mingi ya sarafu za kale huendeshwa kwenye intaneti, na mtu aliyeko Mwanza, Mombasa au Muscat anaweza kuwania dinari ya Kaisari Trajan kwa simu yake. Ni jambo jema, na ninamtia moyo kila anayelifikiria. Lakini mlango uliofunguliwa kwa wanunuzi umefunguliwa pia kwa matapeli, kwa waghushi na kwa wanaochimba magofu usiku, na wa kwanza kuumia ni yule anayeanza.

Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: usitangulize uadimu. Tanguliza ujuzi wa sarafu yenyewe na historia ya umiliki wake. Sarafu inayosifiwa kuwa adimu, huku huwezi kuisoma wala hujui imetoka wapi, ni gramu tatu za madini tu, na sonara atakupa dola chache.

Ijue fedha yenyewe

Dinari ilianza kufuliwa mnamo mwaka 211 kabla ya Kristo, wakati jeshi la Hannibal lilipokuwa bado ndani ya Italia na Roma ikipigania uhai wake dhidi ya Carthage. Ilikuwa karibu fedha tupu, yenye uzito wa gramu 4.5 hivi. Kwa zaidi ya karne nne ndiyo iliyolipa askari na wafanyabiashara wa dola ya Kirumi, na wasomaji wa Biblia wanaikumbuka kama ujira wa siku moja wa vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo. Kwa kuwa ilifuliwa kwa mamilioni, bado ziko nyingi zinazopatikana kwa mtu wa kipato cha kawaida.

Fedha ndani yake haikubaki vilevile. Mwaka 64, Nero alishusha uzito hadi karibu gramu 3.4 na kuongeza shaba. Waliomfuata waliendelea kupunguza, na chini ya Septimius Severus, aliyefariki mwaka 211, fedha ilikuwa imebaki kama nusu tu. Mwaka 215 mwanawe Caracalla alitoa sarafu kubwa zaidi ambayo wataalamu huiita antoniniano. Utaitambua kwa taji la miale ya jua kichwani mwa mtawala. Inaaminika ilihesabiwa sawa na dinari mbili, ilhali uzito wake ulikuwa kama wa dinari moja na nusu. Miaka 50 baadaye, zama za Gallienus na Claudius wa Pili, antoniniano ilikuwa shaba iliyopakwa fedha kwa nje, na fedha yenyewe haikufika asilimia 5.

Haya yanagusa mfuko wako moja kwa moja. Tangazo likisema "sarafu ya fedha ya Kirumi" bila kutaja mtawala, hujaambiwa kitu. Ya Augustus na ya Claudius wa Pili zinaweza kuuzwa kwa jina hilohilo, ilhali moja ni fedha na nyingine ni shaba.

Adimu si lazima iwe ghali

Mwaka 193, Didius Julianus aliununua ufalme wa Roma kutoka kwa walinzi wa Kaisari walioupiga mnada, akatawala siku 66, akauawa. Pertinax aliyemtangulia hakutimiza miezi mitatu. Otho naye, mwaka 69, alidumu miezi mitatu hivi. Dinari za watu hawa ni chache kwa sababu hawakupata muda wa kufua nyingi, na kwa kuwa kuna wakusanyaji wengi wanaotaka sura ya kila Kaisari, bei yake imepanda. Huo ni uadimu wa kweli wenye soko la kweli.

Sasa tazama dinari ya Julius Caesar yenye tembo, iliyofuliwa mwaka 49 kabla ya Kristo alipoingia vitani na wenzake wa Roma. Ilifuliwa kwa wingi mno ili kulipa majeshi, na hadi leo haikosekani mnadani. Hata hivyo, ni ghali, kwa sababu kila mtu anataka jina la Caesar. Kadhalika dinari ya Tiberius yenye mwanamke aliyeketi akiwa na fimbo na tawi. Si adimu, lakini wengi huihusisha na ile sarafu ambayo Yesu aliomba aonyeshwe alipoulizwa kuhusu kodi, na imani hiyo imeipandisha bei. Muuzaji akikuambia kwamba ndiyo yenyewe, kumbuka kwamba hakuna anayeweza kuthibitisha.

Kwa upande mwingine, kuna dinari zinazoitwa adimu kwa jambo dogo sana: herufi moja imepangwa tofauti, au mungu fulani ameshika tawi mkono wa kushoto badala ya wa kulia. Huenda kweli zimeonekana chache, lakini wanaozitafuta nao ni wachache. Mgeni akilipa mara tatu kwa uadimu wa aina hii, siku ya kuuza hatampata wa kumrudishia. Bei hufuata idadi ya wanaoitaka sarafu kuliko idadi ya zilizopo.

Kwa hiyo anza na za kawaida zilizo katika hali nzuri. Trajan, Hadrian, Antoninus Pius na Septimius Severus ni walimu wazuri, na antoniniano za Gordian wa Tatu ni nyingi pia. Sarafu zao za hali ya wastani mara nyingi hupatikana chini ya dola 100. Tazama sura kama haijasagika, maandishi kama yamekamilika, picha kama imekaa katikati, na uso wa fedha kama hauna mashimo wala mikwaruzo ya kusuguliwa. Ukishazizoea hizi, jicho lako litakuwa tayari kwa zile za bei kubwa.

Jifunze kuisoma

Wengi huogopa maandishi ya Kilatini, na hawana sababu. Ni vifupisho vinavyojirudia, na herufi V husimama pia badala ya U. Chukua dinari moja ya Trajan ambayo utaikuta mara kwa mara. Upande wa sura imeandikwa IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P, na mgongoni COS V P P SPQR OPTIMO PRINC. IMP ni amiri jeshi, AVG ni cheo cha Augustus. GER na DAC zinamtangaza kuwa mshindi wa Wajerumani na wa Wadaki, watu wa nchi iitwayo Rumania leo. P M ni kuhani mkuu, TR P ni mamlaka ya mtetezi wa raia, na P P ni baba wa taifa. Maneno ya mwisho yanasema kwamba baraza na watu wa Roma wanaitoa kwa mtawala aliye bora.

Kilichobaki ni COS V, yaani konsuli kwa mara ya tano. Trajan alishika ukonsuli wa tano mwaka 103 na wa sita mwaka 112. Basi sarafu hiyo ilifuliwa kati ya 103 na 111, na umeijua tarehe yake bila kumuuliza mtu. Mnunuzi anayeweza kufanya hivi hadanganywi ovyo, kwa sababu baadhi ya waghushi huoanisha sura ya mwaka mmoja na mgongo wa mwaka mwingine.

Vyanzo viko wazi. Sarafu za Jamhuri ya Kirumi, yaani za kabla ya makaisari, hurejelewa kwa namba za kitabu cha Michael Crawford cha mwaka 1974, na za makaisari kwa namba za Roman Imperial Coinage, mfululizo unaofupishwa RIC. Chama cha sarafu cha Marekani, American Numismatic Society, kimeweka orodha mbili kwenye intaneti bila malipo: OCRE kwa sarafu za dola na CRRO kwa za Jamhuri, nyingi zikiwa na picha kutoka makumbusho. Kabla hujatoa zabuni, tafuta namba ya RIC, linganisha maandishi herufi kwa herufi, na tazama mifano mitano au sita ya aina hiyo.

Kuitambua bandia

Dinari haikumiminwa katika kalibu. Kipande cha fedha kiliwekwa kati ya mihuri miwili iliyochongwa kinyume, kikapigwa nyundo. Ndiyo maana kingo hupasuka kidogo, picha hukaa upande, na hakuna mbili zinazolingana kila kitu hata zikitoka kwenye muhuri mmoja. Ukiona dinari mbili zenye mkwaruzo uleule, ufa uleule na umbo lilelile la ukingo, angalau moja ni nakala, na huenda zote mbili.

Bandia nyingi za bei rahisi ni za kumimina. Chini ya lenzi utaona vishimo vya mapovu ya hewa, herufi zilizolainika kana kwamba zimeyeyuka, na pengine mstari mwembamba unaozunguka ukingo pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ukingo ndio ushahidi ambao wauzaji wabaya hawapendi kuupiga picha. Omba picha yake kila mara.

Kisha pima. Tumia mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Pima sarafu ikiwa kavu. Tuseme imesoma gramu 3.30. Weka glasi ya maji juu ya mizani na kuirudisha kwenye sifuri, halafu itumbukize sarafu ikining'inia kwa uzi mwembamba, isiguse chini wala kando, na hakikisha haina viputo. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Ikisoma 0.32, gawanya 3.30 kwa 0.32 upate 10.3, nawe uko karibu na fedha nzuri, kwani fedha tupu ni 10.5. Ikisoma 0.37, jibu ni kama 8.9, na hiyo ni shaba. Rudia mara kadhaa, kwa sababu tofauti ni ndogo. Kumbuka pia kwamba kipimo hiki kinafaa zaidi kwa dinari za kabla ya Severus, na hakimnasi mghushi aliyetumia fedha halisi. Ni kichujio kimoja tu kati ya vingi.

Kuna pia bandia za zama zilezile: kiini cha shaba kilichofunikwa karatasi ya fedha. Hizi ni za kale kweli, na baadhi ya wakusanyaji huzithamini. Si kosa kuinunua, mradi umeambiwa ukweli na bei imeshuka ipasavyo. Chunguza nyufa na sehemu zilizosagika. Shaba hujitokeza hapo kwa wekundu au ukijani.

Muuzaji anayeheshimu kazi yake hutoa dhamana ya uhalisi kwa maandishi na hurudisha pesa bandia ikithibitika. Asiyetaka kuandika, muache.

Hati kabla ya fedha

Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2010, mtu mmoja huko Frome, Somerset, nchini Uingereza, alikuta mtungi wa sarafu za Kirumi kwa kifaa chake cha kutafutia metali. Alipoona alichokipata, aliacha kuchimba na kuwaita waakiolojia. Wakautoa mtungi tabaka kwa tabaka: sarafu 52,503, zikiwemo dinari tano adimu za fedha za Carausius, jemadari aliyejitangaza Kaisari wa Uingereza. Kwa kuwa kila tabaka liliwekwa peke yake, waligundua kwamba sarafu za karibuni zaidi hazikuwa juu kama mtu angetarajia, bali nyingi zilikuwa kama katikati. Hapo wakaona kwamba mtungi ulijazwa kwa mkupuo mmoja, haukuwa akiba iliyoongezwa mwaka hadi mwaka. Lau yule mtu angezizoa na kuziuza mojamoja, sarafu zingekuwepo na elimu hiyo ingepotea milele.

Kila dinari inayochimbwa kwa siri na kuuzwa bila hati imeteketeza elimu kama hiyo mahali fulani, na mnunuzi asiyeuliza ndiye anayemlipa mchimbaji. Sheria nazo ni kali. Italia, Uturuki, Ugiriki na nchi nyingine zilizokuwa chini ya Roma hudhibiti au hukataza kabisa kutoa vitu vya kale nje, na mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 umekuwa kipimo kinachotumika duniani. Sarafu inayoweza kuonyeshwa kwamba ilikuwa kwenye mkusanyo unaojulikana kabla ya mwaka huo ina amani zaidi, na mara nyingi bei zaidi.

Karatasi yenyewe haitoshi, ihakiki. Brutus, baada ya kumuua Caesar, alitoa sarafu yenye majambia mawili na kofia ya uhuru, chini yake EID MAR, kukumbusha siku ya mauaji, tarehe 15 Machi. Dinari nzuri za aina hiyo hufikia mamia ya maelfu ya dola, na za dhahabu ni chache mno. Moja ya dhahabu iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Baadaye ilibainika kwamba hati za umiliki wake zilighushiwa; ikakamatwa, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Muuzaji akikutajia mkusanyo wa zamani, tafuta katalogi ya mnada huo na ulinganishe picha: ufa, ukingo, umbo. Sarafu za kale hazifanani, na hapo kutofanana huko kunakulinda.

Angalizo kwa wasomaji wa pwani yetu: sarafu za kale zinazookotwa Kilwa, Pemba, Lamu na kwingineko ni mali ya kale inayolindwa na sheria za Tanzania na Kenya. Ukiziona ardhini, toa taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale au makumbusho. Asiuze mtu, asinunue mtu.

Hesabu gharama yote

Bei inayotangazwa mnadani siyo utakayolipa. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi, kisha usafirishaji, bima, na kodi ya forodha ikiwa ipo. Sarafu iliyofikia dola 200 inaweza kukufikia kwa 280. Uliza mamlaka ya mapato ya nchi yako kabla ya kununua, wala usikubali muuzaji aandike thamani ya uongo kwenye kifurushi. Kikipotea au kikikaguliwa, hasara ni yako. Andika kiwango chako cha mwisho kabla mnada haujaanza, na kikipitwa, acha. Dinari nyingine itakuja.

Kuitunza

Usiisugue. Si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa kitambaa cha vito. Utando wa kijivu au weusi uliojengeka kwa miaka hulinda fedha, na wakusanyaji huulipia. Sarafu iliyong'arishwa hupoteza thamani siku hiyohiyo. Ishike kwa kingo, juu ya kitambaa laini, kwani fedha iliyokaa ardhini karne nyingi huweza kuwa dhaifu kwa ndani, na ikidondoka kwenye sakafu ya saruji hukatika kama kigae.

Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo huoza taratibu na kuacha uteute wa kijani. Epuka pia raba na sufu, zenye salfa inayoharakisha weusi. Kwa wanaoishi ufukweni, adui mkubwa ni unyevu na chumvi ya hewani: tumia kasha linalofunga vizuri na pakiti za silika, na uzibadilishe zinapolowa.

Halafu andika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kila sarafu weka picha za pande zote mbili na ukingo, uzito, namba ya RIC, tarehe na mahali pa ununuzi, bei, na risiti. Tiketi ndogo za wakusanyaji wa zamani usizitupe kamwe, hata zikiwa zimechakaa. Mweleze mwenzi wako au mwanao daftari lilipo, ili warithi wasije wakaziuza kwa kilo.

Chagua njia yako

Mkusanyo wenye mada hushinda rundo la sarafu nzuri zisizohusiana. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki na Ghuba, napendekeza mada inayotugusa: fedha ya Roma katika Bahari ya Hindi. Periplus ya Bahari ya Erithrea, kitabu cha mwongozo kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Misri katika karne ya 1, kinaeleza safari za pepo za msimu hadi India, na pia hadi Rhapta kwenye pwani yetu, iliyoitwa Azania. Fedha iliyomiminika India kwa ajili ya pilipili ilikuwa hasa ya aina mbili: dinari za Augustus zenye wajukuu wake Gaius na Lucius wamesimama na ngao na mikuki, na zile za Tiberius nilizozitaja. Zote zimefukuliwa kwa wingi kusini mwa India. Ukiwa na hizo mbili kutoka mikusanyo ya zamani ya Ulaya yenye hati, una mwanzo wa mkusanyo unaoeleza bahari yetu wenyewe.

Basi, ndugu msomaji, usinunue mwezi huu. Tumia mwezi huu kusoma OCRE, kutazama bei zilizofikiwa minadani, na kujizoeza kusoma maandishi ya Trajan na Hadrian. Mwezi ujao nunua moja, ya kawaida, iliyo safi, yenye hati na dhamana. Na siku yoyote utakapoletewa sarafu ya ajabu isiyo na hati, hata kama bei yake ni ya kutamanisha, irudishe kwa mwenyewe na umwambie sababu.